Kurudisha Bidhaa Bila Risiti: Nani Abebe Hasara katika Biashara ya Kindu?

Katika maduka mengi ya Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mteja hukutana na tangazo, lililobandikwa ukutani au kuchapwa chini ya karatasi ya mauzo, lisemalo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Tangazo hilo limezoeleka kiasi kwamba wauzaji wengi huliona kuwa ni sheria ya nchi, ilhali wanunuzi huliona kuwa ni ukatili wa mwenye duka, na pande hizo mbili hukubaliana katika dhana moja tu, nayo ni kwamba asiye na risiti hana la kusema. Dhana hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa, kwa kuwa ndani yake mna maswali matatu yaliyofungwa pamoja kana kwamba ni moja: je, kitu kina kasoro, je, kiliuzwa katika duka hili, na je, anayekirudisha ni mkweli? Risiti, ambayo wenyeji wengi huiita faktire, hujibu swali la pili peke yake. Haithibitishi kwamba kitu kilikuwa kibovu kilipotoka dukani, wala haimgeuzi mwongo kuwa mwaminifu, na kwa hiyo kuifanya kuwa ufunguo wa mambo yote matatu ni kuibebesha kazi isiyoiweza.

Kwa nini karatasi ni adimu

Uhaba wa risiti hautokani na uzembe wa mnunuzi peke yake. Kindu iko mwisho wa reli: njia inayotoka Lubumbashi kupitia Kamina, Kabalo na Kongolo hukomea hapo, na treni huja kwa nadra; bidhaa nyingine hushuka kwa ndege, nyingine hufika kwa pikipiki na baiskeli kutoka upande wa mashariki, na kuanguka kwa Goma na Bukavu mikononi mwa waasi wa M23 mnamo Januari na Februari 2025 kuliivuruga zaidi mikondo hiyo ya biashara. Mzigo unaosafiri hivyo hupita mikono mingi kabla ya kufika rafuni, na katika kila mkono hesabu huandikwa kwenye daftari la mwenye mali au hubaki katika neno la mdomo. Mwenye duka dogo katika komuni ya Kasuku, anayemnyima mteja risiti ya chaja moja, aghalabu naye hakupewa karatasi yoyote na mfanyabiashara wa jumla aliyemuuzia chaja hamsini. Jambo hili husahauliwa katika mabishano ya mbele ya kaunta, ingawa ndilo linaloamua mengi ya yanayofuata.

Sababu ya pili ni kodi. Kodi ya ongezeko la thamani, inayojulikana kwa kifupisho chake cha Kifaransa TVA, ilianzishwa kwa agizo lenye nguvu ya sheria la Agosti 2010 na kuanza kutozwa tarehe 1 Januari 2012 kwa asilimia 16, nayo hudai ankara kamili kwa wale waliosajiliwa kuilipa. Muuzaji mdogo hayumo katika daraja hilo, lakini anajua kwamba karatasi yenye bei na tarehe, ambayo kwa mteja ni ushahidi, kwa mkaguzi nayo ni ushahidi. Hofu hiyo si ya mkwepa kodi peke yake: mahali ambapo huduma nyingi za serikali ya kitaifa, ya jimbo na ya mji hupita dukani kila moja ikidai chake, hata mlipaji mwaminifu hujifunza kuacha alama chache.

Kuna pia sababu isiyo na uhusiano wowote na serikali. Bei nyingi za Kindu ni za mapatano, na karatasi inayosema kwamba feni iliuzwa kwa dola 18 humwaibisha muuzaji mbele ya mteja wa pili aliyeombwa 25. Isitoshe, kudai karatasi kwa muuzaji anayejulikana, ambaye pengine ni jirani au mtu wa dini moja na mnunuzi, huonekana kuwa ni kumtilia shaka. Wengi huona afadhali waondoke bila karatasi kuliko kumvunjia mtu heshima kwa ajili ya kitu cha faranga elfu chache.

Sheria inasema nini hasa

Mkataba wa mauziano nchini Kongo bado unaongozwa na Dekreti ya 30 Julai 1888, ambayo wanasheria huiita Kitabu cha Tatu cha Kanuni ya Kiraia. Dekreti hiyo humtwisha muuzaji dhamana ya kasoro zilizofichika, yaani ubovu ambao mnunuzi hakuweza kuutambua kwa kukitazama kitu na ambao unakifanya kisifae kwa kazi yake, au unapunguza kufaa kwake kiasi kwamba lau angalijua asingekinunua au angelipa bei ndogo zaidi. Mwenye kukuta kasoro ya namna hiyo ana hiari mbili: kukirudisha kitu na kurudishiwa bei, au kubaki nacho na kupunguziwa bei. Ubovu ulio wazi, kama ufa katika kioo cha simu, haumo, kwa sababu mnunuzi alikuwa na macho yake.

Nguvu ya tangazo la ukutani inapatikana katika kipengele kidogo cha sheria hiyohiyo. Muuzaji huwajibika hata kama hakuijua kasoro, isipokuwa alitangulia kuweka sharti kwamba hatoi dhamana. Lakini sharti hilo halimkingi aliyejua, ambaye hulazimika kurudisha bei na kulipa pia hasara iliyotokana na udanganyifu wake. Tangazo lina nguvu nusu, basi: linaweza kumlinda muuzaji asiyejua, na hata hapo ni lazima ionekane kwamba mnunuzi alilikubali wakati wa kununua, si kwamba alionyeshwa aliporudi na malalamiko. Kuhusu muda, dekreti haitaji siku wala wiki. Hudai tu kwamba madai yafunguliwe upesi, kwa kadiri ya aina ya kasoro na desturi ya mahali pa mauzo. Watunga sheria wa 1888 walikuwa wanaiga Ufaransa, lakini bila kukusudia waliiachia Kindu nafasi ya kuwa na desturi yake.

Ushahidi nao una sheria nyingine. Sheria za OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zilizounganisha sheria zao za biashara, zilianza kutumika nchini Kongo tarehe 12 Septemba 2012, na Sheria ya Pamoja ya Biashara kwa Jumla, katika toleo lake la 2010, inaruhusu matendo ya biashara kuthibitishwa dhidi ya mfanyabiashara kwa njia yoyote, hata ya kielektroniki. Sura yake ya mauziano haimhusu mtumiaji wa kawaida, anayenunua kwa matumizi yake mwenyewe, lakini kanuni ya ushahidi humfaa. Kwa maneno mengine, haki ya kurudisha hutoka katika dekreti ya karne ya 19, na njia ya kuithibitisha hutoka katika sheria ya karne ya 21, ambayo haikuifanya risiti kuwa ushahidi pekee. Shahidi aliyekuwapo, daftari la muuzaji mwenyewe, namba ya kifaa au ujumbe wa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money huweza kufanya kazi hiyo, ingawa ujumbe wa simu hupungua nguvu pale pesa inapopokelewa kwa namba ya shemeji wa muuzaji na jina linalotokea silo la duka.

Hoja ya mwenye duka

Anayefunga mlango wa kurudisha bidhaa hafanyi hivyo kwa moyo mgumu tu. Hila anazozijua ni nyingi na zinafanana mji hadi mji: mtu hununua chaja mpya na kurudisha ya zamani iliyoungua ndani ya boksi jipya, mwingine huvaa nguo katika sherehe ya Jumamosi na kuileta Jumatatu, mwingine hununua kwa jirani kwa bei ya chini na kuja kudai pesa mahali ambapo kitu hichohicho huuzwa ghali. Iliyo hatari kuliko zote ni ya mwizi anayeleta kilichoibwa, pengine katika duka hilohilo, na kuomba apewe fedha taslimu. Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1940 inaadhibu wizi, utapeli na kupokea mali ya wizi, na mwenye duka anayetoa pesa kwa kitu ambacho ana sababu za kukishuku hujiweka mahali pabaya.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba humhukumu kila mteja kwa makosa ya wachache, tena kwa kutumia upungufu ambao muuzaji mwenyewe ndiye aliyeusababisha. Mtu aliyeomba faktire akaambiwa kitabu kimeisha, kisha akarudi kesho yake akaulizwa karatasi iko wapi, ametegwa. Maneno ya hapo kaunta huwa mafupi: mteja husema, “Papa, ni jana tu niliinunua hapa,” na muuzaji hujibu, “Mama, hii haikutoka kwangu.” Kutokea hapo hadi kuitwa mwizi mbele ya watu hakuna umbali mkubwa, na hatari hiyo ya heshima humwangukia zaidi maskini na mgeni mjini, watu wasiokuwa na wa kuwasemea. Mkaazi wa komuni ya Alunguli, ambaye huvuka mto Lualaba kwa nauli kwenda na kurudi, hupima gharama ya safari na fedheha inayoweza kumpata, na mara nyingi huamua kukaa na kitu kibovu.

Betri ya sola, mahali ugumu unapoonekana

Mji ambao umeme wa mtandao ni haba huishi kwa paneli na betri, na hakuna bidhaa inayoonyesha mipaka ya risiti zaidi kuliko betri ya volti 12 ya risasi na asidi. Betri iliyochoka, ikitoka kuchajiwa, huweza kuonyesha volti 12.6 au zaidi kwenye kipimo, sawasawa na nzima. Ubovu wake hudhihirika inapobebeshwa kazi, kwani ikifungwa taa na redio hushuka ndani ya dakika chache. Kipimo cha harakaharaka mbele ya kaunta kinaweza kumdanganya muuzaji na mnunuzi kwa pamoja. Kwa upande wa pili, betri nzima kabisa huharibiwa na mnunuzi anayeitumia hadi ikaisha, akaiacha hivyo siku kadhaa bila kifaa cha kudhibiti chaji, kwa kuwa chumvi ya risasi huganda kwenye bamba za ndani na uwezo wa kutunza umeme hupotea.

Betri hiyo ikirudi baada ya wiki mbili, risiti itaonyesha duka na tarehe, lakini haitasema kama iliuzwa ikiwa imechoka au ilichoshwa nyumbani. Wauzaji wazoefu wanalijua hilo, ndiyo maana wengi huandika alama yao kwa wino usiofutika au hukwaruza kwa msumari chini ya kasha, ili angalau swali la duka lisibishaniwe. Alama hiyo ni ushahidi bora kuliko karatasi, maana inakaa juu ya kitu chenyewe na haihamii kwenye betri nyingine. Kilichobaki ni jaribio: kuifunga betri kwenye balbu yenye nguvu inayojulikana kwa muda waliokubaliana, wakati wa kununua na tena wakati wa kurudisha. Kwa simu kazi hiyo ni nyepesi zaidi, kwa sababu tarakimu 15 za IMEI, zinazotokea kwa kubonyeza *#06#, hutambulisha kila kifaa. Wakongo waliifahamu namba hiyo kwa uchungu katika siku za makato ya usajili wa simu yaliyojulikana kama RAM, yaliyoanza mwaka 2020 na kufutwa mwaka 2022, na haitakuwa vibaya ikiwafaa kwa jambo lingine.

Njia ya wasuluhishi

Maniema ni moja ya majimbo ya Kongo yenye Waislamu wengi, hasa Kasongo na Kindu, na fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, imelishughulikia suala hili kwa kina. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, ambayo ni ndefu kuliko zote katika Qurani, huamuru deni liandikwe, lakini hulegeza sharti hilo kwa biashara ya papo kwa papo, na badala yake huelekeza watu washuhudishe wanapouziana. Fikihi humpa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu kwa sababu ya kasoro, hata kama haikutajwa katika mapatano. Kando yake kuna ikala, ambayo ni kuvunja mauzo kwa ridhaa ya pande zote pale mnunuzi anapojuta tu, nayo si haki bali ni fadhila ambayo hadithi iliyopokewa na Abu Dawud inaisifu.

Mgawanyo huo wa kasoro na majuto ni mchango mkubwa, kwani ndio unaokosekana katika tangazo la ukutani, linaloyafunga mambo yote mawili kwa sentensi moja. Katika ubishi, kanuni ni kwamba ushahidi ni juu ya anayedai na kiapo ni juu ya anayekana. Masheikh, wachungaji na mashefu wa kartie husuluhisha migogoro mingi kwa mantiki hiyo, bila gharama za mahakama, ambazo kwa kitu cha dola kumi hazina maana. Hata hivyo njia hii hutegemea watu wanaojuana na wanaoogopa kiapo; kwa mfanyabiashara wa kupita, atakayekuwa Kisangani mwezi ujao, kiapo ni maneno tu.

Pesa gani inarudi

Hata pale pande mbili zinapokubaliana, hubaki jambo ambalo nchi za sarafu moja hazilifikirii. Bei hutajwa kwa dola na kulipwa kwa faranga, na kiwango cha kubadilishia hakitulii. Tuseme kitu cha dola 100 kililipwa kwa faranga 280,000 wakati dola moja ni faranga 2,800, kisha kikarudishwa dola ikiwa 2,500: muuzaji akirudisha faranga zilezile, mnunuzi ameondoka na thamani ya dola 112, akirudisha thamani ya dola 100, mnunuzi hupokea faranga 250,000 na kuhisi ameibiwa 30,000. Kiwango kikipanda, hasara hugeuka upande. Noti nazo huleta ugomvi wake, maana dola yenye mchaniko mdogo hukataliwa sokoni, na aliyetoa noti safi hukataa kurudishiwa iliyochakaa. Iliyo ya haki zaidi ni kurudisha sarafu ileile na kiasi kilekile kilichotolewa, kwa kuwa mauzo yaliyovunjwa huhesabiwa kama hayakuwapo. Lakini kwa sababu ya matata haya, kubadilishana kitu kwa kitu huwa salama kuliko kurudisha fedha.

Wengine wamefanyaje

Tanzania iliingiza mashine za kielektroniki za risiti mwaka 2010, na wito wa mamlaka ya kodi kwamba anayeuza atoe risiti na anayenunua aidai umekuwa msemo wa kila siku. Faida yake kwa mnunuzi ni ya kweli, lakini mfumo ulijengwa kwa ajili ya hazina, na mabango ya kukataa kurudisha mali hayakutoweka kwa sababu yake. Kenya iliweka haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa katika Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kisha ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Uingereza, kwa sheria yake ya 2015, humpa mnunuzi siku 30 za kukataa kitu chenye kasoro, na ushahidi wa kununua si lazima uwe risiti. Maduka mengi ya Marekani hupokea vitu bila risiti kwa kuandika kitambulisho cha mteja na kumpa hati ya kununulia kitu kingine humohumo dukani, kwa bei ya chini kabisa ambayo kitu hicho kimewahi kuuzwa karibuni. Mbinu hiyo ya mwisho humkatisha tamaa mwizi bila kumfukuza mteja, na haihitaji kompyuta, daftari linatosha.

Kupima

Hoja zote zikiwekwa pamoja, msimamo wa kukataa moja kwa moja hauna mguu wa kusimamia, si kisheria wala kimaadili, katika kesi ya kasoro iliyofichika. Muuzaji ambaye hakutoa karatasi hawezi kuidai, na shaka inayotokana na kutokuwapo kwake ingepaswa kumwangukia yeye, mradi mnunuzi alete ishara nyingine yoyote ya kuaminika: alama ya duka, namba ya kifaa, ujumbe wa simu au shahidi. Kinyume chake, mnunuzi aliyejuta tu, au aliyekuta rangi haimpendezi mkewe, hana haki ya kulazimisha. Hapo muuzaji anaweza kudai risiti, kubadilisha kitu kwa kitu bila kurudisha fedha, au kukataa kabisa bila kumkosea mtu. Na anayerudisha kitu alichokiharibu mwenyewe kwa kusema kiliuzwa hivyo, hata kama anayo risiti mkononi, anadanganya, na risiti yake haimtakasi.

Msimamo huu una gharama, nayo isifichwe. Muuzaji anayepokea betri mbovu kwa uaminifu hana mahali pa kuirudisha, kwa sababu aliyemuuzia hakumpa karatasi, hakuweka alama, na huenda yuko Lubumbashi akisubiri treni nyingine. Faida ya rejareja ni nyembamba. Betri moja iliyorudi huweza kula faida ya betri kadhaa. Kumwongezea mtu huyo wajibu bila kumgusa aliye juu yake ni kuhamisha hasara kutoka kwa maskini mmoja hadi kwa mwingine, na matokeo yanayotarajiwa ni bei kupanda au tangazo la ukutani kuandikwa kwa herufi kubwa zaidi.

Kwa hiyo marekebisho yenye maana hayaanzii kwenye kaunta ya komuni ya Kasuku au ya Mikelenge, bali kwenye ghala la jumla. Mfanyabiashara wa jumla ana vitabu, ana usajili, na ndiye anayelengwa kwanza na ankara sanifu ambayo Kurugenzi Kuu ya Kodi, DGI, imekuwa ikiisambaza miaka ya karibuni. Akilazimika kuandika namba au alama ya kila betri na kila simu anayoikabidhi kwa wa rejareja, na kuipokea inaporudi na kasoro ndani ya muda uliotajwa, mwenye duka atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kumwandikia mteja. Sheria ya OHADA tayari humtaka mjasiriamali mdogo aandike mapato yake siku kwa siku katika daftari, na kuongeza safu ya namba ya kifaa humo ni kazi ya kalamu. Ugumu wa kweli uko kwingine: daftari hilohilo likitumiwa na kila mkaguzi anayepita kama kisingizio cha kudai zaidi, litafichwa chini ya kaunta, na mteja mwenye betri mbovu ataendelea kuambiwa kwamba haikutoka hapo.